Kitenzi Kina Kwao

Anayejifunza Kihispania hukutana mapema na jedwali la vitenzi: canto, naimba, canté, niliimba, cantaré, nitaimba. Anakariri mpaka kichwa kinauma. Halafu siku moja anagundua kwamba cantaré zamani yalikuwa maneno mawili, cantar na he, yaani "nina la kuimba". Yakasuguana midomoni mwa watu kwa karne nyingi mpaka yakawa neno moja.

Kiswahili nacho kina siri za namna hiyo, ila darasani wengi wetu tulipewa tu -li-, -na-, -ta- na -me-, tukajaza nafasi zilizoachwa wazi, basi. Kumbe -ta- ni mabaki ya kutaka: "nitakwenda" ilianzia kwenye kutaka kwenda. Na -me- je? Hiyo imetokana na kitenzi cha zamani, kumala, kilichomaanisha kwisha. Kikapewa mwisho wa -ile, wa jambo lililotimia, kikawa -mele, kikapungua hadi -me-. Kumala chenyewe tunacho bado ndani ya "maliza". Kwa hiyo ukisema "nimemaliza", umetaja kumaliza mara mbili!

Sasa twende Nandagala, wilayani Ruangwa, eneo lililokuwa sehemu ya Nachingwea ya zamani. Huku ni kwa Wamwera. Wanaisimu wanakiweka Kimwera kundi moja na Kiyao na Kimakonde, na katika Kiyao kumala ni neno hai, na -ile inafanya kazi kila siku. Kile ambacho Kiswahili sanifu kimekizika ndani ya silabi moja, majirani wa kusini wanakitamka wazi.

Edward Steere aliziona lugha hizi pamoja. Mwaka 1870 alitoa kitabu cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja, na mwaka 1871 akatoa cha Kiyao. Mwaka 1876, akiwa askofu, aliongoza watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja hadi Masasi. Lakini ilipoundwa Kamati ya Lugha mwaka 1930, msingi wa usanifu ulikuwa Kiunguja. Sarufi ya Kimwera ya Lyndon Harries ilichapwa mwaka 1950, tena Johannesburg, kwa Kiingereza.

Kiswahili kilituunganisha, na hilo silibishi. Ninachobishia ni ile tabia ya kumwambia mtoto kwamba lugha ya bibi yake ni ya kijijini, itamharibia Kiswahili. Itamharibiaje, wakati mizizi ya Kiswahili chenyewe imelala humo? Mwalimu akianza somo la nyakati kwa kuuliza, "Nyumbani mnasemaje jambo likishakwisha?", mtoto wa Nandagala ana cha kujibu ambacho hakimo kwenye jedwali. Na bibi wa kumuuliza bado yupo. Tukichelewa, naye tutamsema kwa -li-.