Akdi ya Siri katika Kanisa la St Marylebone

Katika kanisa hili, asubuhi ya tarehe 12 Septemba 1846, malenga Elizabeth Barrett, mwanamke wa miaka 40 aliyedhoofishwa na maradhi ya miaka mingi, aliolewa kwa siri na malenga mwenziwe Robert Browning, mdogo wake kwa miaka 6, pasipo kuhudhuria hata mmoja wa watu wa nyumba ya akina Barrett isipokuwa mtumishi wake, Elizabeth Wilson. Kisha akavua pete, akarejea kwa baba yake katika barabara ya Wimpole kana kwamba hapana lililotukia.

Baba huyo, Edward Moulton-Barrett, ambaye mali ya ukoo wake ilitokana na mashamba ya miwa ya Jamaika, alikuwa amewaharimishia watoto wake wote ndoa, wake kwa waume. Tangu Januari 1845 wapenzi hao waliandikiana barua zaidi ya 570. Adabu za London za wakati ule hazikumruhusu kapera kukaa faragha na mwanamwali wa kiungwana, lakini maradhi ya Elizabeth, na pengine umri wake, vilikuwa sitara njema kuliko ushungi wowote.

Wiki moja baada ya ndoa hiyo Elizabeth alitoroka na mumewe, pamoja na Wilson na mbwa wake Flush, wakaelekea Italia. Baba alimnyima urithi, akazirudisha barua zake bila kuzifungua, akafariki mwaka 1857 bila ya suluhu; nao nduguze Henrietta na Alfred, waliothubutu baadaye kufunga ndoa, walipatwa na adhabu iyo hiyo.