Masanduku 400 ya Willard: Picha zinazofichua maisha ya wagonjwa wa akili waliosahaulika

Ukitafuta mtandaoni picha za hospitali za zamani za wagonjwa wa akili, utaona kuta zilizobanduka rangi, vitanda vyenye kutu na viti vya magurudumu vilivyoachwa kwenye korido. Zinatisha, ndiyo maana zinasambaa. Ila wagonjwa wenyewe huwaoni.

Jon Crispin, mpiga picha wa Marekani, alifanya tofauti. Yeye alipiga picha mizigo yao.

Masanduku yalitoka wapi?

Hospitali ya Willard ilifunguliwa mwaka 1869 kando ya Ziwa Seneca, jimbo la New York. Ilipofungwa mwaka 1995, darini yalikutwa masanduku ya safari yapatayo 400. Makumbusho ya jimbo yakayahifadhi, na mwaka 2011 Crispin akaanza kuyapiga picha.

Ndani kulikuwa na nguo, barua, vitabu na picha za familia. Yaani watu walifungasha kama wasafiri wengine tu. Wengi hawakurudi nyumbani. Zaidi ya watu 50,000 walipita Willard, na karibu nusu yao walifia humo. Waliozikwa hapo ni zaidi ya 5,700, wengi kwa namba tu, bila jina.

Walitibiwaje?

Nia ya mwanzo ilikuwa njema. Miaka ya 1860, Dkt Sylvester Willard alichunguza nyumba za maskini na kukuta wagonjwa wa akili wakiishi katika hali mbaya sana. Hospitali ikajengwa ili wapate hewa safi, kazi za shamba na utulivu. Lakini wagonjwa wakazidi kuongezeka, na dawa ya kuwatibu haikuwepo.

Kisha duniani zikaja tiba kali:

- Lobotomia: upasuaji wa kukata nyuzi za ubongo, ulioanza Ureno mwaka 1935. Mwanzilishi wake, Egas Moniz, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1949.
- Mshtuko wa umeme: ulianza Italia mwaka 1938. Bado unatumika, ila siku hizi mgonjwa hupewa kwanza nusukaputi.
- Klopromazini: dawa iliyoingia miaka ya 1950. Ilisaidia wengi kutibiwa wakiwa nje ya hospitali, na wodi zikaanza kupungua watu.

Jina litajwe au lifichwe?

Hapa ndipo penye mvutano. Mamlaka za New York, kwa kutumia sheria ya siri za wagonjwa, zilimzuia Crispin kutaja majina kamili. Yeye anataka yatajwe. Upande mmoja unasema siri ya mgonjwa haifi naye. Mwingine unasema kuficha jina ni kuendeleza aibu.

Jimbo la Oregon lilichukua njia nyingine. Katika hospitali yake ya Salem kulikuwa na makopo ya shaba yapatayo 3,500, yenye majivu ya wagonjwa ambao hakuna aliyekuja kuwachukua. David Maisel aliyapiga picha, shaba ikiwa imeota kutu ya kijani na bluu, akatoa kitabu mwaka 2008.

Baadaye jimbo likaweka majina mtandaoni. Mamia ya familia wakajitokeza, wakachukua majivu ya ndugu zao.