Mshauri Asiyetoa Ushauri

Agosti 7, 1998, bomu lilipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, watu zaidi ya 200 walikufa. Wengi waliumia macho: walisikia mlipuko wa kwanza, mdogo, wakakimbilia dirishani kuchungulia. Madaktari walishona majeraha. Lakini yule aliyeshtuka kila mlango ulipobamizwa, nani angemshughulikia? Washauri waliosomea kazi hiyo walikuwa wachache. Tulichokuwa nacho kwa wingi ni "pole" na "jikaze".

Mwaka uliofuata serikali ikatangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa. Vituo vya VCT vilipoanza kuenea, 2001 kwenda mbele, kila kimoja kilihitaji mtu wa kukaa na mteja kabla na baada ya majibu. Ikabidi watu wafunzwe, tena haraka.

Hapa lugha yetu inachekesha kidogo. Kazi yenyewe tunaiita "ushauri nasaha", yaani ushauri mara mbili, ilhali darasani unaanza kwa kufunzwa kufunga mdomo. Humwambii mtu amwache mumewe. Unasikiliza, unamrudishia maneno yake, unaacha kimya kikae hata kama kinakuwasha. Mnafanya mazoezi wawili wawili, mwenzenu akitazama. Ukianza kuona wateja, mshauri mzoefu anakusimamia. Siri haitoki chumbani, isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini.

Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ilikuja 2014, miaka 16 baada ya bomu. Kabla ya hapo ungetundika tu kibao mlangoni, ujiite mshauri, na hakuna sheria mahususi ya kukuuliza ulisomea wapi.