Upimaji na udhibiti wa kelele kazini mkoani Singida

Upimaji na udhibiti wa kelele kazini ni sehemu ya taaluma ya usalama na afya mahali pa kazi. Lengo lake ni kujua kiasi cha kelele kinachomfikia mfanyakazi na kukipunguza kabla hakijaharibu usikivu wake. Katika Mkoa wa Singida, katikati ya Tanzania, suala hili linahusu hasa viwanda vidogo vya kukamua mafuta ya alizeti, machimbo ya dhahabu, mashine za kusaga nafaka na karakana za kuchomelea vyuma.

Madhara

Usikivu uliopotea kwa sababu ya kelele haurudi. Ndani ya sikio mna koklea, na ndani yake seli ndogo zenye vinyweleo zinazogeuza mtikisiko wa sauti kuwa taarifa kwa ubongo. Kwa binadamu seli hizo zikifa hazioti tena. Hasara huanza kwa kawaida kwenye sauti nyembamba, kati ya hezi 3,000 na 6,000, bila maumivu yoyote. Mtu husikia kwamba wenzake wanazungumza, lakini hapambanui herufi kama s, f na t. Mara nyingi watu wa nyumbani hugundua kabla yake, kwa kuwa hufungua redio kwa sauti kubwa mno. Wengine hubaki na mvumo masikioni usiokoma hata usiku.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu wafanyakazi wa viwanda vya chuma nchini Tanzania ulikuta wastani wa kelele wa desibeli 92 kwa siku ya kazi. Asilimia 48 ya wafanyakazi hao walikuwa na upungufu wa usikivu, ikilinganishwa na asilimia 31 ya walimu wa shule za msingi waliopimwa kwa kulinganisha.

Desibeli na muda

Kelele hupimwa kwa desibeli. Kipimo hiki hakiendi kama kilo au mita: kila desibeli 3 zinapoongezeka, nishati ya sauti huwa maradufu. Mashine mbili zinazotoa desibeli 88 kila moja, zikiwashwa pamoja, hutoa 91 na si 176.

Kiwango kinachotumika Tanzania ni desibeli 85 kwa saa 8. Kenya, kwa kanuni zake za mwaka 2005, iliweka 90. Kwa hesabu ya desibeli 3, muda unaoruhusiwa hupungua kwa nusu kila kiwango kinapopanda: desibeli 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2, 94 kwa saa moja, na 100 kwa dakika 15 tu. Hivyo swali sahihi si "mashine hii ina kelele kiasi gani?" bali "mtu huyu amepokea kelele kiasi gani leo?"

Chukua mfano wa kufikirika wa mwendesha mashine anayekaa saa 4 penye desibeli 91 na saa 2 penye desibeli 88. Saa 4 ni mara mbili ya zile 2 zinazoruhusiwa, yaani asilimia 200 ya kipimo cha siku. Saa 2 kati ya 4 ni asilimia 50. Jumla ni asilimia 250, hata kama sehemu iliyobaki ya siku alikuwa kimya kivulini.

Msimu wa alizeti

Alizeti ya Singida huvunwa baada ya mvua, na viwanda hufanya kazi kwa nguvu mbegu zinapokuwa nyingi. Wakati huo zamu huwa ndefu. Kwa zamu ya saa 12, kiwango cha 85 hakifai tena; kinachobaki ni takribani desibeli 83. Kwa sababu hiyo, kipimo kilichochukuliwa mwezi ambao mashine inafanya kazi nusu siku hakisemi lolote kuhusu msimu wenyewe, ingawa karatasi yake huonekana nzuri.

Ndani ya kiwanda kidogo kelele hutoka kwa injini ya dizeli au mota, mikanda na puli, mashine ya kubangua na ile ya kukamua. Kuta za tofali na paa la bati huirudisha ndani. Kibarua anayezoa mashudu au kumimina magunia huwa karibu na mashine kuliko fundi, na aghalabu ndiye asiyepimwa.

Katika machimbo madogo, kama ya Sekenke wilayani Iramba, yaliyojulikana tangu ukoloni wa Kijerumani, kelele kubwa ni za makarasha ya kusaga mawe, kompresa na mashine za kutobolea mwamba. Baruti ni suala tofauti: mshindo mmoja unaozidi desibeli 140 unaweza kuumiza sikio papo hapo.

Kupima

Njia ya awali haihitaji kifaa. Ikiwa watu wawili waliosimama umbali wa mita moja wanalazimika kupaza sauti ili wasikilizane, yaelekea kelele imefikia desibeli 85. Baada ya hapo hutumika mita ya sauti kwa sehemu moja moja, au kifaa kidogo kinachovaliwa begani karibu na sikio kwa zamu nzima. Hicho cha begani hufaa zaidi kwa watu wanaozunguka. Vifaa vyote huhakikiwa kabla na baada ya kupima. Programu za simu husaidia kubaini mahali pabaya, lakini maikrofoni za simu hutofautiana mno kutegemewa kisheria.

Kupunguza

Hatua zenye nguvu zaidi huanza kwenye chanzo: kubadilisha injini ya dizeli kwa mota ya umeme pale umeme ulipofika, kuhamishia injini nje ya ukuta, kurekebisha ekzosi, kubadilisha beringi zilizochakaa, kukaza bati zinazotikisika na kuweka mpira chini ya mashine. Nyingi kati ya hizo ni matengenezo ya kawaida tu. Kisha huja kupokezana kazi na kuweka mahali pa kupumzikia mbali na mashine.

Vizibo na vifunika masikio ni hatua ya mwisho, ingawa kwa kawaida ndiyo ya kwanza kununuliwa. Kifunika chenye uwezo wa kupunguza desibeli 30, kikivuliwa kwa nusu saa tu katika zamu ya saa 8, hubaki na faida ya takribani 12. Pamba ya kawaida haikingi vya kutosha.

Sheria na fidia

Tanzania Bara inaongozwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na wakala uitwao OSHA. Fidia ya magonjwa yatokanayo na kazi hushughulikiwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), chini ya sheria ya mwaka 2008.

Hapa ndipo kipimo cha usikivu cha mwanzo kinapokuwa na uzito. Uziwi wa kelele hufanana na ule wa uzee, na bila rekodi ya siku mtu alipoanza kazi ni vigumu kuonyesha alichopoteza kazini. Kibarua wa msimu, anayehama kiwanda kila mwaka bila mkataba wa maandishi, kwa kawaida hana rekodi hiyo, wala mwajiri mmoja wa kumwelekea.