Honda ya Katesh

Baada ya Vita vya Kagera vya 1978–79 petroli na oili viliadimika nchini. Huku kwetu Hanang mwalimu mwenzetu alipeleka mishahara shule kwa shule kwa Honda XL 185 kutoka Japani, akipita matope ya Dongobesh (matope yale!). Injini yake haikudai oili ichanganywe na petroli, kama nyingine za siku zile. Mwenyewe ametangulia, mjane wake anaiuza hapa Katesh. Vijana waliozoea pikipiki za India na China wanampa bei ya chuma chakavu. Nimemwambia, mama, usiiuze kwa kilo: bado inawaka kwa kiki moja.