Jenerali Ogolla: Rubani aliyepanda hadi kileleni

JENERALI Francis Omondi Ogolla, aliyezaliwa mwaka 1962 katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Siaya, alijiunga na jeshi Aprili 1984, wakati ambapo kuvaa sare za wanahewa hakukuwa jambo la kujivunia.

Miaka miwili awali, Agosti 1, 1982, askari wa kikosi hicho walikuwa wamejaribu kuipindua serikali ya Rais Daniel arap Moi. Jaribio liliposambaratishwa, kikosi kilivunjwa, kikaundwa upya na kupewa jina jingine. Jina la Jeshi la Wanahewa la Kenya halikurejeshwa hadi 1994.

Ogolla alitunukiwa kamisheni Mei 1985 na kupelekwa katika kikosi hicho kilichokuwa kikitazamwa kwa jicho la shaka. Alifunzwa urubani wa ndege za kivita na wanahewa wa Marekani, kisha naye akawa mkufunzi wa marubani. Alisomea pia uchunguzi wa ajali za ndege.

Hakuupa kisogo usomi. Alihudhuria chuo cha kijeshi jijini Paris, Ufaransa, na kupata shahada mbili katika Chuo Kikuu cha Nairobi.

Alisimamia kambi ya wanahewa ya Laikipia, akawa naibu kamanda, na Julai 2018 akateuliwa Kamanda wa Jeshi la Wanahewa. Mwaka 2021 alipandishwa kuwa Naibu Mkuu wa Majeshi.

Uchaguzi wa Agosti 2022 nusura umharibie jina. Hati za kiapo zilizowasilishwa katika Mahakama ya Juu zilimtaja miongoni mwa maafisa waliofika Bomas kushawishi matokeo yabadilishwe. Hata hivyo, Rais William Ruto, aliyetangazwa mshindi, alimteua Mkuu wa Majeshi Aprili 2023, akisema baadaye kwamba aliangalia sifa zake za kazi. Kama Jenerali Julius Karangi (2011-2015), akawa mwanahewa aliyekabidhiwa majeshi yote.

Hakudumu mwaka mzima. Aprili 18, 2024, alikuwa amezuru wanajeshi wanaopambana na majangili Kaskazini mwa Bonde la Ufa, na kukagua shule zilizofungwa kwa sababu ya mashambulizi. Helikopta ya kijeshi aliyoabiri ilianguka eneo la Sindar, Elgeyo Marakwet, muda mfupi baada ya kupaa. Kati ya watu 12 waliokuwamo, kumi waliaga dunia. Ripoti ya kijeshi iliyotolewa 2025 ilihusisha ajali hiyo na hitilafu ya injini.

Ogolla ndiye Mkuu wa Majeshi wa kwanza nchini kufariki akiwa kazini. Kwa kutimiza wosia wake, alizikwa Aprili 21 nyumbani Ng'iya, Siaya, bila jeneza na kabla ya saa 72 kupita.

Jenerali Charles Kahariri, wa Jeshi la Wanamaji, alichukua nafasi yake Mei 2024.