Kufunga injini kubwa kwenye Hilux ya zamani: kutoka 2L kwenda 3L au 5L

Hizi Hilux za miaka ya 80 na 90 bado zinabeba ndizi na viazi huku Rungwe, na nyingi zilitoka kiwandani na injini ya dizeli ya 2L, cc 2446. Pakia mzigo Kyela upandishe mpaka Tukuyu, utaishi na gia namba mbili. Hapo ndo mtu anaanza kuulizia injini kubwa.

Ila tuelewane kwanza. Kyela iko kama mita 500 toka usawa wa bahari, Tukuyu imezidi 1,500. Hewa ya Tukuyu ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Dar, na injini isiyo na turbo haina ujanja, inavuta hiyo hiyo. Sasa 3L ni cc 2779, kubwa kuliko 2L kwa kama asilimia 14. Yaani ukifunga 3L umerudishiwa tu kile mlima ulichokula! 5L ya cc 2986 inazidi kwa asilimia 22, hapo kidogo utaona tofauti.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela pima kompresheni ya hiyo 2L yako. Nyingi sio ndogo, zimechoka tu: ringi zimeisha, nozeli zinakojoa badala ya kupuliza. Ikitengenezwa inaweza kukutosha.

Ukiamua kubadili, baki kwenye ukoo wa L. 2L, 3L na 5L ni ndugu, gia boksi yako inapokea bila kuchomelea kitu. Wanaotamani 1KZ-TE yenye turbo wajue inakuja na pampu ya umeme, kompyuta, waya kibao, na gia boksi itabidi ubadili pia. Kwa gari ya kubebea ndizi mimi sioni sababu.

Angalia injini imetoka gari gani. Nyingi za mtumba zimetoka kwenye Hiace, sampu yake haifanani na ya Hilux. Hamisha sampu yako, strena ya oili na maunti za zamani. Pampu ya dizeli iwe ya injini hiyo hiyo mpya. Mkanda wa taiming funga mpya kabisa injini ikiwa bado iko chini, maana ukikatika njiani valvu zinagonga pistoni na biashara imekwisha. Klachi pleti nayo badili hapo hapo.

Rejeta usiidharau. Silinda hedi za ukoo huu zikichemsha zinapasuka, kila fundi anajua. Rejeta iliyoziba itaua 5L haraka kuliko ilivyoua 2L, joto ni jingi zaidi. Na ukimwona fundi anafungua skrubu ya pampu ili "iwe na nguvu", mzuie. Hewa ni ile ile, utapata moshi mweusi na hedi iliyoungua.

Breki sasa. Injini umebadili lakini breki, springi na difu ni zile zile za gari ya tani moja. Watu wakishaona gari inapanda vizuri wanaongeza mikungu, halafu wanakutana na mteremko wa Igawilo wakienda Uyole. Jamani! Badili viatu vya breki na oili yake kabla injini haijaingia, na teremka na gia ile ambayo ungepandia.

Mwisho kadi. Kadi ya gari ina namba ya injini na cc, na ukibadili lazima TRA wapewe taarifa waibadilishe. Dai risiti na karatasi za injini toka kwa muuzaji. Trafiki akikuta namba hazilingani utaonekana umenunua injini ya wizi. Bima nao waambie. Uzuri ada ya mwaka ya leseni ya gari iliyokuwa inaenda kwa cc ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18, kwa hiyo huko hulipi zaidi.